Vigae Juu ya Makaburi

Asubuhi ya Jumatano Bi Dicey alipokea kikombe cha kahawa kutoka kwa Lavinia, mke wa mjukuu wake, akakizungusha mikononi, kisha hakunywa. Macho yake yalikuwa yamefunga utando miaka miwili sasa, hayaoni ila mwanga na vivuli, lakini vidole vyake vilikuwa bado na akili zao. Kidole gumba kilipita kwenye mdomo wa kikombe, kikashuka kwenye kishikio chake, kikafika chini kabisa, pale ambapo mfinyanzi aliacha tone la rangi likakauka kabla hajalifuta.

"Kikombe hiki umekitoa wapi?"

Lavinia alikuwa anageuza mkate wa mahindi kikaangoni. Alikuwa na wiki tatu tu katika nyumba ile, na kila siku ya hizo wiki tatu alikuwa akitafuta jambo la kuwafurahisha.

"Kule makaburini, Bibi. Nilitaka mwende Jumapili mshangae wenyewe. Jana mlipokuwa shambani nilikwenda kupasafisha. Palijaa takataka, Bibi. Majagi yaliyovunjika, sahani, chupa, hata taa iliyopasuka kioo. Sijui nani anatupa uchafu mahali kama pale. Nimeokota vyote nikavitupa korongoni, nikafagia. Hicho kilikuwa kizima, nikaona hasara kukitupa. Nimekichemsha mara mbili."

Primus, mwana wa Bi Dicey, aliweka kisu mezani. Mwanawe Lige, mume wa Lavinia, akainamia sahani yake kana kwamba imeandikwa kitu.

"Nimepandikiza na nyasi," Lavinia aliongeza, sauti ikipungua. "Kama makaburi ya kule kwetu mjini Augusta."

"Nyasi," alisema Primus.

"Baba, nimekosea?"

"Binti, kwenu mtu akifa mnamwekea nini juu ya kaburi?"

"Jiwe. Lina jina lake na mwaka."

"Na jina hilo nani analiandika?"

"Fundi."

"Sisi enzi za utumwa tukikutwa na herufi, mgongo ndio uliosoma, kwa mjeledi. Kwa hiyo mtu akifa hapa, tunachukua chombo alichokishika mwisho. Tunakivunja, ili mauti yasikifuate nyumbani kuchukua mwingine. Tunakiweka juu yake. Na udongo tunaufagia uwe mwekundu mtupu, kwa sababu kaburi lenye nyasi ni la mtu asiye na ndugu." Alisimama. "Ulichokitupa korongoni ni majina."

Lavinia alishika mdomo. Mkate uliungua kikaangoni na hakuna aliyeutoa.

"Aliyesomeshwa na wamisionari," alisema Bi Dicey, bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Miaka sita ya shule, na hakuna aliyemfundisha kuuliza."

* * *

Siku nyingine lingekuwa kosa la kulia na kusameheana. Lakini ilikuwa Jumatano, na mpima ardhi alikuwa anakuja Jumamosi.

Mjane wa Trask, mwenye shamba, alikufa wakati wa baridi, na mwanawe, Bwana Alden, alikuwa anauza shamba zima kwa mnunuzi wa Macon. Familia ya Primus ililima sehemu ya shamba hilo kwa mgawo wa mavuno. Kabla ya hapo, miaka kumi na sita nyuma, walililima kwa sababu waliandikwa kwenye mali ya kina Trask pamoja na nyumbu na majembe. Ardhi haikuwa yao hata shubiri. Kilichokuwa chao ni kilima kidogo kando ya ua, chenye mwerezi mmoja na makaburi manane.

Primus alikuwa amekwenda kuomba kilima hicho kisiuzwe. Bwana Alden hakukataa. Alisema: kila kaburi litakaloweza kutajiwa mwenyewe mbele ya mpima ardhi litaachwa nje ya hati ya mauzo. Lisilo na mwenyewe ni shamba, na litalimwa pamba. Primus alirudi nyumbani akipiga mluzi, kwa kuwa mama yake aliyajua yote manane kwa kugusa vyombo vyake tu.

Sasa Lavinia alikuwa ndani ya korongo, matope mekundu yamempanda hadi magotini, kapu mkononi. Hakungoja kuambiwa. Lige alimfuata akasimama ukingoni.

"Toka, nitaokota mimi."

"Nani alitupa?"

"Wewe."

"Basi nani anaokota?"

Lige alishuka hata hivyo. Walifukua pamoja, mmoja juu mwingine chini, hadi jua likawa kali. Lavinia alijikata kiganjani kwa kioo cha taa, akafunga kwa pindo la gauni akaendelea.

"Uliniona mjinga," alisema.

"Nilikuona umechoka kuitwa bibi arusi. Ulitaka kufanya kitu chako."

"Nilimpa bibi yako kahawa kwenye kikombe cha maiti, Lige."

Lige alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka hadi akakaa kwenye matope. "Umekichemsha mara mbili," alisema. "Haya ndiyo yatakayosimuliwa siku ya mazishi yako."

"Na kwenye kaburi langu mtaweka nini?"

"Kikaango. Na mkate wake ulioungua."

Lavinia alimtupia bonge la udongo, likampata sikioni. Kisha wakaendelea kufukua.

* * *

Alasiri hiyo Bi Dicey alikaa kizingitini, kapu mbele yake, akitoa kigae kimoja kimoja. Lavinia alikaa chini na daftari lake la shule juu ya goti.

"Hili ni jagi la Sukey. Mama wa mama yangu. Huyo ndiye aliyeletwa kwa meli. Hakuwahi kujifunza lugha ya hapa kwa moyo. Alikuwa akimtukana nyumbu kwa lugha yake, na nyumbu alielewa."

Lavinia aliandika.

"Hii ya bluu ni sahani ya Mourning, mama yangu. Aliiiba jikoni kwa kina Trask siku ya Krismasi, na sikuwahi kuona mtu anayeipenda dhambi yake kama yeye. Hii taa ni ya dada yangu Hester, alikuwa mkunga. Chupa hii, nusa."

"Haina harufu, Bibi."

"Ya July, mjomba wangu. Usishangae, harufu ya pombe itarudi. Alituambia tukimwekea chombo cha maji atatufuata." Alipapasa tena kapuni. "Bakuli la Easter, mama yake Lige. Lilikuwa na unga siku ile. Na vijiko hivi viwili vilivyopindwa ni vya wanangu, Prince na Silvy. Hawakuwa na chombo kingine. Waliishi muda wa kijiko."

Kalamu ya Lavinia ilisimama. Bi Dicey alingoja kidogo, kisha akamgonga begani kwa kifundo cha kidole.

"Andika, mjukuu. Ukilia utalowesha karatasi, na leo hatuna nafasi ya kupoteza mtu mara mbili."

"Wa nane ni nani, Bibi? Mwenye kikombe?"

"Abram. Mume wangu."

Alisema hivyo tu, naye alikuwa amezoea kusema sana. Lavinia aliandika Abram, akaona kwamba kikombe hakimo kapuni. Kilikuwa mfukoni mwa aproni ya bibi.

Majina yalipatikana, mahali pa kila chombo ndipo palipokuwa na kazi. Lavinia alikumbuka kwamba alianzia upande wa mwerezi, lakini baada ya makaburi mawili kumbukumbu ikachanganyika, na kila alipojaribu alijichukia zaidi. Ni Bi Dicey aliyesema apelekwe kilimani. Pale alipiga magoti juu ya kaburi la kwanza, akang'oa nyasi za Augusta kwa mkono mmoja, akaanza kutembeza vidole. Chombo kilichokaa juu ya udongo mwekundu miaka ishirini hakiondoki bila kuaga. Kinaacha kishimo, na fagio la vijiti halikuwa limekifuta chote.

"Kitako cha duara, kipana," alisema. "Niletee jagi."

Jagi lilikaa kwenye kishimo chake kama jino kwenye ufizi.

* * *

Alhamisi Primus alikwenda nyumba kubwa ya Bwana Alden kuomba wiki moja zaidi. Mvua ikinyesha, vishimo vitafutika, na mama yake alikuwa mzee, hakutaka aharakishwe. Alipitia nyuma, akagonga mlango wa jikoni, akangoja kofia mkononi karibu saa nzima huku mpishi, mwanamke wa kanisani kwao, akimtazama kwa jicho la pole lililomuudhi kuliko kungoja kwenyewe.

Bwana Alden alitoka na leso ya kulia chakula bado shingoni. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Primus alikuwa na arobaini.

"Ehe, kijana. Kuna nini?"

"Ni habari ya makaburi, bwana. Naomba mpima aje Jumamosi ya wiki ijayo."

"Kwa nini? Mmewasahau?" Alicheka kidogo, si kwa ubaya, jambo lililokuwa baya zaidi. "Asubuhi nimepita kwenye makaburi ya babu zangu. Nimesoma majina hadi ya mwaka wa elfu moja mia saba tisini. Nyinyi watu mnasahau haraka."

"Hatujasahau, bwana."

"Basi wiki moja ya nini?"

Primus aliangalia sakafu ya veranda ambayo yeye mwenyewe aliipiga misumari. Ulimi wake ulikuwa na majibu matatu, na kila moja lingemfukuzisha shambani kabla ya jioni. Akayameza yote.

"Mama yangu haoni vizuri. Anataka kufanya kazi yake polepole."

"Shangazi Dicey atafanya kazi yake Jumamosi, saa tatu." Wazungu wa huko humwita mwanamke mweusi mzee shangazi, wapate kukwepa kumwita bibi. "Na sikiliza. Bwana Peake, mpima, atakuja na koleo. Huko Jasper watu walifinyanga vichuguu wakaviita makaburi wapate ardhi ya bure. Atachimbua moja, lolote atakalolichagua yeye. Akikuta mbao, vizuri. Akikuta udongo mtupu, nitajua mmenifanya mpumbavu, na yote manane yanaingia kwenye pamba. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, bwana."

"Mbona unaniangalia hivyo?"

"Nakuangalia nisikie vizuri," alisema Primus, akavaa kofia yake akiwa bado kizingitini. Mpishi nyuma ya mlango aliacha kumenya viazi.

* * *

Ijumaa adhuhuri vyombo saba vilikuwa mahali pake. Kaburi la nane lilikuwa kati ya kaburi la Easter na nafasi ambayo Bi Dicey alikuwa amejiwekea mwenyewe. Hilo halikuhitaji kutafutwa. Primus alilijua tangu alipokuwa na miaka kumi. Kila mwezi wa Mei alilifagia yeye kwanza kabla ya mengine.

"Lete kikombe, mama."

Bi Dicey alikitoa mfukoni taratibu. Primus alikipokea, akakiangalia, akashangaa kwamba miaka yote hakuwahi kujiuliza.

"Kwa nini hiki hakikuvunjwa? Vingine vyote vimevunjwa." Aliokota jiwe. "Walisahau."

"Usikivunje."

"Mama, ndiyo desturi. Wewe mwenyewe..."

"Primus. Weka jiwe chini."

Aliliweka. Lige na Lavinia waliokuwa wanang'oa nyasi za mwisho waliinuka. Bi Dicey alikuwa amesimama wima, uso umeelekea mahali ambapo sauti ya mwanawe ilitoka.

"Kinavunjwa cha mtu aliyekufa. Hapo hakufa mtu. Hapo pana jeneza la mbao za msonobari, na ndani yake pana gogo la mwaloni na magunia mawili ya mchanga. Cato, kaka yangu, ndiye aliyelipigilia misumari. July ndiye aliyeomba dua, na ilikuwa dua ndefu, maana alikuwa amekunywa."

Nyumbu alikuwa anatafuna kando ya ua na walimsikia.

"Walikuwa wamemuuza baba yako kwenda Alabama," aliendelea. "Mfanyabiashara wa watumwa alikuwa aje Jumatatu. Na wiki ile kulikuwa na homa ya manjano huko mtoni, wazungu hawakaribii vibanda vyetu. Tukasema Abram ameshikwa. Siku ya pili tukasema amekufa. Mzee Trask alikuja akasimama pale, mbali, kitambaa puani. Hakufunguliwa jeneza. Baba yako wakati huo alikuwa siku mbili njiani kwenda kaskazini."

"Nililia," alisema Primus. Sauti yake haikuwa ya mtu wa miaka arobaini. "Nilijitupa juu ya jeneza. Mjomba Cato alinibeba."

"Ulilia vizuri. Mzee Trask hakuliangalia jeneza, alikuangalia wewe. Sura yako ndiyo iliyomvusha baba yako mto."

"Uliniacha nimlilie gogo."

"Ulikuwa na miaka kumi. Walikuwa wanawachukua watoto nyuma ya ghala na kuwauliza. Ungejua, ungesema, na usingekuwa mtoto mbaya kwa kusema. Nilichagua ulie."

"Na baada ya vita? Miaka kumi na sita, mama! Nani alikuwa ananipeleka nyuma ya ghala?"

Upepo ulipita kwenye mwerezi.

"Baada ya vita nilikuwa nangoja aje akwambie mwenyewe," alisema Bi Dicey. "Niliwaza mwezi huu. Niliwaza mwaka huu. Kisha nikaona ukifagia hapa kila Mei, na sikujua ningeanzia wapi. Uongo ukikaa sana unaota nyama juu yake kama mwiba. Kuutoa ni kukata."

"Yuko hai?"

"Sijui. Niliishi naye miaka kumi na miwili, nikaishi bila kujua miaka thelathini. Kikombe sikuweza kukivunja. Hilo tu ndilo ninalolijua."

Primus alimrudishia kikombe mkononi kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. "Mwaka wa uhuru," alisema, "yule ofisa wa kuandikisha watu aliponiuliza jina la ukoo, wengine wote walisema Trask. Mimi nikasema Abram. Nilidhani amelala hapa na hana mwingine wa kubeba jina lake." Kisha akateremka kilima, akamfunga nyumbu kwenye plau, akalima.

Alilima hadi nyumbu akagoma. Alipokata tamaa na nyumbu alichukua jembe la mkono. Lige alimpelekea maji, akayarudisha yote.

Jioni, jua likiwa bado juu ya miti, alirudi akakuta watatu hao wamekaa nje bila kula.

"Haya," alisema. "Kesho tunasema nini?"

"Tuseme babu yumo," alisema Lige. "Makaburi manane, atachimba moja. Saba yana watu. Hata mcheza karata angekubali."

"Na akilichagua hilo?" Lavinia aliuliza. "Yote yanakwenda. Bibi Sukey, mama yako, wote. Kwa ajili ya gogo."

"Na tukisema ni tupu, anaambiwa tangu mwanzo kwamba sisi ni waongo wa makaburi," alisema Lige. "Huyo Bwana Alden atacheka hadi Macon."

"Atacheka," alisema Primus. Alikaa chini, akaanza kuvua viatu. "Mama, hiyo ni siri yako. Unataka iweje?"

Bi Dicey alikuwa amejiandaa kwa hasira. Swali lilimkuta hana silaha. "Nilidanganya mahali pale kwa ajili ya mbwa na wawindaji wa watu," alisema baadaye. "Sikuwahi kuona aibu. Lakini kesho nitasimama pale nikitaja majina ya mama yangu na wanangu. Sitaki ulimi ule ule utaje majina saba ya kweli na moja la uongo. Watakaoniamini kwa saba wataniamini kwa sababu ya lile la nane."

"Au hawataamini hata moja," alisema Lige.

"Au hawataamini hata moja," Bi Dicey alikubali. "Kalete chakula, mjukuu, tule. Njaa haijapata kushinda kesi."

* * *

Jumamosi saa tatu Bwana Alden alifika juu ya farasi. Bwana Peake, mpima ardhi, alikuja kwa miguu na watu wawili wa kubeba mnyororo wa kupimia. Alikuwa mtu mkavu, mwenye mvi kwenye masharubu na daftari la ngozi lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Koleo lilikuwa begani mwa mmoja wa watu wake.

Lavinia alisogea na daftari lake wazi. "Majina yote nimeyaandika, bwana."

"Sitaki karatasi," alisema Bwana Peake. "Karatasi naweza kuandika mwenyewe. Nataka mtu anayewajua."

Uso wa Lavinia ulipata moto, lakini alifunga daftari, akamshika Bi Dicey mkono, akampeleka kwenye kaburi la kwanza. Kikongwe aliinama, akagusa vigae vya jagi.

"Sukey. Mama wa mama yangu. Alikufa mwaka wa ukame mkubwa, siku walipokuwa wakichinja nguruwe."

Bwana Peake aliandika.

"Mourning, mama yangu. Miguu yake inaelekea mashariki kama ya wote, ila kaburi ni fupi, maana alikuwa mfupi. Pima ukitaka."

Mpima alipima kwa macho, akaguna.

"Huyu July. Mjomba."

"Hiyo ni chupa ya pombe," alisema Bwana Alden kutoka juu ya farasi.

"Ndiyo, bwana. Baba yako ndiye aliyekuwa akimuuzia."

Mmoja wa wabeba mnyororo alikohoa sana. Bwana Peake hakuinua macho, lakini masharubu yake yalisogea. Wakaendelea. Hester, mkunga. "Wewe, Bwana Alden, mikono yake ndiyo iliyokupokea," alisema Bi Dicey, na Bwana Alden akaanza kurekebisha hatamu ambayo haikuwa na kasoro. Prince. Silvy. Easter.

Mbele ya kaburi la mama yake, Lige alivua kofia. Bwana Peake alichukua koleo kutoka kwa mtu wake, akatembea nalo polepole katikati ya vichuguu. Alisimama miguuni pa Easter. Alisogea hatua moja. Ncha ya koleo iligusa kaburi la nane, lile lisilo na chombo.

"Na hili, mama?" aliuliza. Alikuwa wa kwanza kati ya wazungu kumwita hivyo.

Lige alimwangalia baba yake. Primus alikuwa amekunja mikono nyuma, mkono mmoja umeshika kifundo cha mwingine.

"Hilo ni tupu," alisema Bi Dicey.

Bwana Alden alijiinua kwenye tandiko. "Ati nini?"

"Ni tupu, bwana. Tulilichimba mwaka wa hamsini na moja ili baba yako asimtafute mume wangu. Alikuwa amemuuza. Ukichimba utakuta gogo la mwaloni, kama halijaoza."

Kisha Bwana Alden akacheka, kama Lige alivyosema angecheka. "Thelathini! Miaka thelathini marehemu baba aliandika hasara ya mtu mmoja kwa homa! Peake, umesikia? Si nilikwambia hawa watu? Chimba yote. Chimba kila moja."

Bwana Peake alichomeka koleo ardhini nje ya safu ya makaburi, akaliegemea.

"Nimepima makaburi katika wilaya tatu," alisema. "Watu wamenionyesha vichuguu vya fuko wakaapa ni bibi zao. Sijapata kumwona mtu aliyeniambia kaburi lake halina kitu. Sina haja ya kumwamsha mtu yeyote hapa. Saba yanabaki nje ya hati."

"Saba, sawa," alisema Bwana Alden. "Mimi ni mtu wa kutimiza neno. Lakini hilo la nane ni shamba. Halina mwenyewe. Na liko katikati. Kwa hiyo plau itapita hapo, kati ya huyo Easter na huko pembeni. Weka vigingi."

Wabeba mnyororo walianza kukunjua. Hapo ndipo Primus alipofungua mikono yake.

"Lina mwenyewe," alisema.

"Mama yako ameshasema..."

"Mama yangu amesema ni tupu. Hakusema halina mwenyewe. Neno lako, bwana, lilikuwa kila kaburi litakalotajiwa mwenyewe. Nilikuwa nimesimama kwenye veranda yako, nikalisikia. Hili ni langu."

"Wewe hujafa, Primus."

"Bado."

"Basi huwezi kuwa na kaburi."

"Babu zako walichonga mawe yao wakiwa hai, bwana. Lile kubwa la marumaru nililivuta mimi kutoka stesheni, na mwenyewe alikuwa ananisimamia na fimbo yake, anaeleza liwekwe wapi." Hakupandisha sauti. "Hili lilichimbwa na wajomba zangu. Nimelifagia miaka thelathini. Mke wangu yuko hapa kushoto. Sina ardhi nyingine duniani, wala siombi nyingine leo. Lakini nitakapokufa sitaki mwanangu aje kwenye mlango wa jikoni kwa mtu, kofia mkononi, kuniombea pa kulala."

Uso wa Bwana Alden ulikuwa umebadilika rangi. Alimgeukia mpima kwa msaada.

"Ulisema kila kaburi lenye mwenyewe, Alden," alisema Bwana Peake, akilamba ncha ya penseli. "Kwenye barua yako pia uliandika hivyo. Mwenyewe ndiye huyu. Anaongea sana kuliko wote niliowahi kuwaandika, lakini ni mwenyewe." Akaandika, akinong'ona. "Primus... Trask."

"Hapana," alisema Primus. "Abram. Primus Abram."

Bwana Peake alifuta, akaandika tena. Bwana Alden aligeuza farasi akateremka kilima bila kuaga, kwato zikirusha udongo mwekundu.

"Shika ncha hiyo," mpima alimwambia Lige, akampa mwisho wa mnyororo. Lavinia alimsogeza Bi Dicey pembeni, wapite. Primus hakusogea. Alikwenda akasimama katikati ya kaburi lake, viatu vyake viwili juu ya udongo uliofagiwa, akabaki pale hadi mnyororo ulipozunguka kilima chote na kupita kwa nje yake.